Nazi Iliyooshwa Mara Tatu

Uso wa bibi yangu ulifika Ihanja ndani ya buti la gari, umechapwa juu ya keki. Siwatanii. Mama mdogo, yaani mdogo wake marehemu mama yangu, aliiagiza Singida mjini kwa ajili ya kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu bibi atutoke. Vijana wawili waliibeba kutoka kwenye gari mpaka chini ya turubai kwa mwendo ule wa kubeba jeneza, na mshereheshaji akatuomba sote tusimame. Tukasimama. Watu wazima na akili zetu, tulisimama kwa heshima ya sukari.

Picha yenyewe waliitoa kwenye kitambulisho. Unajua mwenyewe, rafiki yangu, jinsi mtu anavyokuwa kwenye kitambulisho, macho yamemtoka utadhani ameulizwa alikokuwa jana. Walivyoivuta ienee kwenye keki, shavu moja likawa pana kuliko lingine, midomo ikawa ya waridi. Na kwa kuwa jua letu halina adabu, krimu ilikwisha kuanza kutiririka kutoka utosini. Bibi hakuwahi kuvuka kizingiti chake bila kitambaa kichwani, na leo alikuwa ameletwa kichwa wazi mbele ya kijiji kizima, anayeyuka. Pembeni waliandika maneno ya Kiingereza ambayo bibi asingeyasoma, na nina hakika mama mdogo naye aliyakariri njiani.

Kulikuwa na kamati, maana siku hizi huwezi kumkumbuka mtu wako bila kamati. Kulikuwa na kundi la simu lililolia wiki sita mfululizo, watu wakibishana kuhusu rangi ya kitenge cha sare kama vile bibi angekuja kukagua. Kulikuwa na kidude cha kupiga picha kutoka angani, kikawatimua kuku wa jirani mpaka wengine wakalala porini. Na mshereheshaji, aliyevaa viatu vyenye ncha kama jembe la mkono, hakulijua jina la bibi. Alimwita "mama yetu kipenzi" mara kumi na nne. Nilihesabu kwa sababu sikuwa na kazi nyingine. Kwenye mgawanyo wa kamati mimi nilikuwa nimepangiwa chumvi na viberiti.

Mnisamehe, nina ulimi. Bibi alikuwa akisema niliota ulimi kabla ya meno. Alikuwa na haki ya kusema hivyo kuliko mtu yeyote, na sababu yake ndiyo hasa ninayotaka kuwasimulia. Maana siku ile nami nilikuwa nimeoka keki yangu, keki ya nazi, isiyo na uso wa mtu, nimeifunika kwa ungo juu ya kigoda katika jiko la zamani nyuma ya nyumba. Hakuna aliyeiulizia. Mama mdogo aliichungulia asubuhi akasema haiwezi kukaa meza kuu kwa sababu haina mapambo, na mbona imekaa kama mkate ulioanguka.

Mama yangu alifariki nikiwa sijafika miaka mitatu. Simkumbuki, na wanaosema wanakumbuka mambo ya umri ule nawaona waongo. Alizikwa mwezi wa nane, alizeti zikiwa zimekwisha kukatwa na vichwa vyake vimeanikwa uani. Bibi akanichukua nikakulia kwake Ihanja, pale pale kando ya barabara kuu. Maisha yetu yalikuwa ya kawaida ya watu wa huko. Nilichota maji kwenye kisima cha mchanga korongoni, nilifukuza ndege kwenye uwele kwa kombeo na makelele, na msimu wa mavuno nilipiga vichwa vya alizeti kwa fimbo mpaka viganja vikaota sugu. Tulikula ugali wa uwele kwa mlenda. Kuku tulikuwa nao wengi, lakini kuku walikuwa wa abiria wa mabasi na wageni wa kanisani. Sisi tulikuwa jamaa zao tu.

Ila mara moja kwa mwaka, siku aliyozikwa mama, bibi alioka keki ya nazi.

Nazi, Ihanja ile! Leo utazikuta hata kwenye gulio la Ikungi, zimepangwa kando ya vitunguu, hakuna anayegeuza shingo. Wakati ule nazi ilikuwa mgeni. Zilikuja mbili kila mwaka, ndani ya kiroba, zikiletwa na kaka yake bibi aliyefanya kazi reli kule Manyoni. Tulimwita babu wa reli. Hakuwahi kukosa. Akifika, sisi watoto tulizitikisa nazi masikioni kusikia maji, na majirani walikuja kuzishika, wakagusa zile nyuzi zake, wakacheka kwamba Mungu alipata wapi nafasi ya kufuga manyoya kwenye tunda.

Bibi alizipasua kwa kisogo cha shoka. Maji yake tulikunywa kwa kifuniko cha chupa ya chai, mkubwa kwanza, mdogo mwisho, na mdogo hakulia kwa sababu kulia kulikuwa kunampotezea zamu. Kisha bibi alibandua nyama ya nazi kwa kisu, akamenya hata ile ngozi ya kahawia mpaka ikabaki nyeupe tupu. Mbuzi ya kukunia nazi hatukuwa nayo, wala hatukujua kama iko duniani. Alikuwa na kipande cha bati alichokitoboa kwa msumari, akakwaruza pale, polepole, mpaka beseni likajaa.

Halafu sasa ndipo alipofanya lile jambo lake. Alimimina maji ya vuguvugu kwenye ile nazi, akaikanda, akaikamua, na yale maji meupe yaliyotoka akayamwaga. Akarudia. Mara ya tatu maji yalitoka karibu maangavu kama ya kisimani, yaani hayana kitu, ndipo akaridhika. Yale maji mazito alimmiminia mbwa. Mbwa wetu hakuwa na jina zaidi ya Mbwa, lakini mwezi wa nane wote alikuwa na manyoya yanayong'aa kuliko mbwa yeyote kati ya Ikungi na Dodoma, na alikuwa akiijua siku ile kuliko sisi. Ikifika, alijilaza mlangoni mwa jiko tangu alfajiri.

Nazi iliyooshwa bibi aliitandaza kwenye ungo, akaifunika kitambaa chepesi, akaianika. Kazi yangu ilikuwa kukaa pale na kijiti kulinda kuku. Jua lilipopita utosini nazi ilikuwa imekauka, nyepesi, ukiishika inapeperuka. Bibi alipiga mayai ya kienyeji na sukari, akatia mafuta ya alizeti yetu wenyewe, yale yanayonuka mbegu, akatia unga wa ngano, akatia na nazi yake. Alikoroga kwa mwiko kuelekea upande mmoja tu. Ukimwambia afanye haraka alikujibu kwamba chakula hakina haraka, mwenye haraka ni tumbo. Sufuria alilitandika karatasi za madaftari yangu yaliyojaa, akazipaka mafuta, kwa hiyo mara nyingine ukigeuza kipande chako unakuta saba mara nane kwa chini. Kisha makaa chini, bati juu, na makaa mengine juu ya bati. Harufu ilitoka jikoni ikavuka barabara. Niliwahi kuona dereva wa lori amesimama, ameshusha kioo, anatafuta inakotoka.

Keki yenyewe ilikuwa nyepesi na kavu kidogo, nyuzi za nazi zinakatika polepole chini ya jino. Bibi alikata kipande cha kwanza, akakiweka kwenye sahani juu ya kigoda ambacho hakuna aliyekikalia. Hicho kilikuwa kipande cha mama. Kilikaa pale wakati sisi tunakula vyetu. Tulipomaliza, bibi aliniita, akanikabidhi ile sahani, akasema, "Mlie mama yako." Nami nilikula kwa niaba yake. Ndiyo maana nakwambia, rafiki yangu, sikumjua mama yangu kwa sura wala kwa sauti. Nilimjua kwa ladha ile.

Basi nikaenda sekondari ya bweni, nikasoma. Balaa huanza hivyo. Mwalimu wetu wa maarifa ya nyumbani alikuwa mtu wa Tanga, na alipofika kwenye nazi alifundisha kwa mapenzi, mikono yake yote miwili ikiwa ndani ya beseni. Hili ni tui zito, hili tui jepesi, na haya yaliyobaki ni machicha, wapeni kuku. Darasa zima liliandika. Mimi nilikuwa nimeacha kalamu hewani. Kumbe miaka yote ile tulikuwa tunampa mbwa nazi, sisi tunakula cha kuku! Nililiweka jambo lile moyoni, nikaenda nalo likizo kama mtu aliyebeba zawadi.

Mwaka ule bibi alikuwa na wageni wengi. Mama mdogo alikuwa amekuja kutoka Dar es Salaam, mama mchungaji alikuwepo, wanawake wa kwaya walikuwepo, na bibi jirani, rika lake bibi, ambaye hakuwahi kukosa siku ile. Wote wamekaa uani. Bibi akakanda, akakamua, akainua beseni kumwaga. Nikasimama. Nilisubiri kwanza mpaka wote wanione. Hilo nalikumbuka vizuri, na ndilo linaloniudhi zaidi.

"Bibi," nikasema, "unamwaga nazi unabakiza makapi. Pwani hayo wanawapa kuku."

Walicheka. Mama mdogo alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge, akasema yeye alijua siku nyingi lakini aliona aibu kumwambia mzazi. Wanawake wa kwaya walicheka, mama mchungaji alicheka kwa adabu. Bibi naye alicheka. Alicheka akiangalia ndani ya beseni. Kisha akaendelea, akaosha mara ya pili, na ya tatu. Bibi jirani peke yake hakucheka, nami nikamwona mshamba. Jioni nilipopewa kipande cha mama nilikila nimekunja pua.

Mwaka uliofuata, babu wa reli alipoleta nazi, bibi alizichukua akaziweka mbele yangu. "Oka wewe unayejua," akasema. Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na mimi sikutafuta. Nilioka. Nilikamua tui zito la kwanza, machicha nikawamwagia kuku kwa madaha. Keki ilitoka laini, yenye unyevu, tamu, na wageni waliisifia mpaka kichwa kikanivimba. Bibi aliweka kipande kigodani kama kawaida. Akanitazama nikila. Alikula na chake, taratibu, akakimaliza chote, kwa kuwa hakuwa mtu wa kubakiza chakula.

"Ni tamu," akasema. "Lakini siyo ya mama yako."

Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri ni wivu. Wivu wa kikongwe asiyesoma. Nilikwenda nalo hilo miaka na miaka. Bibi hakuoka tena. Mimi nilikuwa shuleni, kisha chuoni, kisha kazini Dodoma. Babu wa reli alistaafu akarudi kufia kwao, nazi zikakoma kuja. Mbwa alizeeka akafa. Mwezi wa nane ukawa mwezi kama mwingine. Kule ofisini kwangu mimi ndiye mwenye keki ya nazi, mtu akiagwa wananiomba mimi, nami kila ninapoipeleka huwasimulia kichekesho cha bibi yangu wa Singida aliyekuwa akimnywesha mbwa tui. Wanacheka sana. Nilikuwa nimekisimulia tena mwezi mmoja kabla ya kumbukumbu yenyewe.

Sasa turudi Ihanja. Nilifika siku mbili kabla, na chumvi yangu na viberiti vyangu vya kamati, na nazi mbili nilizonunua Ikungi njiani. Nilitaka kuoka kwa heshima ya bibi. Keki yangu bila shaka, ile tamu. Siku iliyotangulia kumbukumbu, wenzangu wakiwa wanagombana na mafundi wa turubai, niliingia jiko la zamani. Bado limesimama, ingawa mama mdogo amekwisha kutangaza kwamba litavunjwa lijengwe jiko la kisasa. La nani, sijui, maana hakuna anayeishi pale tena.

Nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi bibi jirani alipoingia na fimbo yake. Nikainuka, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti iliyobaki. Amezeeka mno, meno yamebaki mawili ya mbele. Akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Nilikamua tui kwenye bakuli, nikainua beseni la machicha nikawatupie kuku.

Akanizuia kwa fimbo. Aliiweka tu ile fimbo mbele ya miguu yangu.

"Unatupa keki ya bibi yako," akasema.

Nikamweleza. Ndiyo, nilimweleza, mimi na elimu yangu, kwa upole ule tunaoutumia kuwaeleza wazee mambo. Tui hili, machicha haya. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama ninajua bibi yangu alijifunza wapi keki. Nikasema Kilimatinde, misheni. Kila mtu wa nyumbani anajua hivyo. Akaniuliza tena, alijifunzaje. Hilo sikulijua.

Akanisimulia. Walikuwa wasichana huko Kilimatinde, yeye na bibi, kabla wote wawili hawajaolewa Ihanja, wakifua na kupiga pasi kwa mama mmoja Mzungu wa misheni. Kwenye kabati la jikoni kulikuwa na kopo, na ndani ya kopo mlikuwa na kitu cheupe, kikavu, chepesi, mithili ya pumba. Yule mama alitia kile kitu kwenye keki. Siku bibi alipoondoka kwenda kuolewa, alikatiwa kipande akale njiani, na alikula nusu, nusu akaifunga kwenye kanga akaja nayo mpaka Ihanja. Hawakujua kile kitu ni nini. Walidhani ni nafaka ya Ulaya. Miaka ikapita, kaka yake akaajiriwa reli, akaleta tunda lenye manyoya. Bibi akalionja.

"Akaniambia hiki ndicho kile cha kopo," bibi jirani akasema, "ila hiki kina maziwa. Basi akayatoa."

Basi akayatoa. Nilibaki na beseni mikononi. Alikuwa amefikiri mwenyewe. Kwamba ukilimenya liwe jeupe, ukaliosha mpaka maziwa yaishe, ukalianika jua la kwetu ambalo halina mpinzani kwa kukausha, utapata kile cha kwenye kopo. Na alikipata. Siku hizi nazi kavu ya pakiti iko tele madukani Dodoma, wanaoka nayo watu wa mahoteli. Nimewahi kuinunua kwa ajili ya kupambia keki zangu, na sikuwahi kuitia mdomoni ikiwa peke yake.

Nikamuuliza kama bibi alijua kwamba yale maji yanapikiwa. Akasema alijua vizuri. Kaka yake alimwambia tangu mwaka wa kwanza kwamba pwani wanapikia wali. Bibi akasema wao wapike wali wao, yeye anaoka keki. Mama yangu akaonja hiyo akiwa mtoto, akaipenda, ikawa yake.

Nikauliza swali ambalo ningetamani lisiwe na jibu. Kwa nini siku ile, mbele ya wale wageni, hakuna aliyeniambia?

"Mimi nilitaka kusema," akanijibu. "Bibi yako akanifinya mkono. Akaniambia mwache, asije akaaibika mbele za watu. Ni mtoto, na amesoma."

Kisha akaongeza, bila kuninyanyulia sauti, akinitazama kama mtu anayetazama shamba lililoachwa na magugu, "Mnasoma sana ninyi. Kuuliza ndiyo hamjui."

Niliweka maji ya vuguvugu, nikayaosha yale machicha mara ya pili, nikayaosha mara ya tatu, nikayatandaza kwenye ungo. Tui lilikuwa limejaa bakuli. Nilitoka nalo mpaka pale Mbwa alipokuwa akilala, nikasimama, hakuna mbwa, nikalimwaga chini. Ardhi yetu ni kavu, lilizama kabla sijanyoosha mgongo. Nikarudi kulinda kuku kwa kijiti, mwanamke wa miaka arobaini na sita.

Basi ndiyo keki ile mama mdogo aliyoiona kama mkate ulioanguka.

Kule chini ya turubai ikafika saa ya kukata. Mshereheshaji akapanga foleni ya wakataji kwa vyeo. Mheshimiwa mmoja, ambaye bibi hakuwahi kumwona ila kwenye mabango, alipewa nafasi ya kwanza, na kisu akakishusha katikati ya paji la uso wa bibi. Watu wakapiga makofi na kamera zikawaka. Mama mdogo akamlisha mheshimiwa jicho, mheshimiwa akamlisha mama mdogo kipande cha kidevu, muziki ukapandishwa. Niliwadharau wote pale walipo, kuanzia viatu vya mshereheshaji mpaka sare ya zambarau niliyokuwa nimeivaa mimi mwenyewe. Nilikuwa nimekwisha kulitunga na neno la kuwaambia, neno kali, la kuwaacha wazi midomo. Nikasimama, nikasubiri mpaka wanione.

Hapo ndipo nilipojitambua. Nilikuwa nimesimama vile vile, uani kwa bibi yule yule, mbele ya wageni, nikisubiri wanitazame. Nyani haoni kundule. Hawa walimkata uso wa krimu, na yeye hakuwepo. Mimi nilimkata akiwa hai, akiwa ameshika beseni, na bado akamfinya mtu mkono ili mimi nisiumie.

Niliketi. Kisha nikaondoka, hakuna aliyegundua, nikazunguka nyuma mpaka jikoni. Bibi jirani alikuwa amekwisha kufika, amekaa juu ya kinu chake, amezikimbia spika. Niliondoa ungo. Nikakata kipande cha kwanza nikakiweka kigodani, na mara hii nikakata na cha pili nikakiweka kando yake. Tukala vyetu. Nyuzi zikakatika polepole chini ya jino, na ile harufu ya alizeti ikapanda puani, nikawa na miaka sita, na kijiti mkononi. Nililia, sioni sababu ya kulificha hilo.

Nilimsubiri amalize. Kwa ufizi ule ilichukua muda. Kisha nikamuuliza kama ndiyo yenyewe, kama ndiyo ya mama yangu.

Alilamba kidole. Akafikiri.

"Umesahau chumvi," akasema.

Chumvi. Mimi niliyetoka Dodoma mpaka Ihanja nimebeba pakiti za chumvi za kamati, zimepangwa mlangoni. Sikuwahi kumwona bibi akitia chumvi kwenye keki, maana sikuwahi kutazama. Nilikuwa nikitazama kuku, na baadaye nikawa najitazama mwenyewe. Na wote waliokula keki ile wamekwisha kwenda, au wamekaa chini ya turubai wanakula krimu na hawakumbuki hata kama ilikuwa na nazi. Amebaki huyu mmoja, na meno yake mawili.

"Bibi," nikamwambia, "alikuwa anatia kiasi gani?"

Akakunja vidole vitatu vya mkono wa kulia, gumba na viwili vinavyofuata, akavisugua taratibu hewani juu ya sufuria tupu. Nikasogea karibu, nikamwomba anionyeshe tena.